Uso Ukipumzika

Dk. Qorane aliweka kidole gumba juu ya paji la uso wa Mama, akalikandamiza taratibu, kama mtu anayezuia karatasi isipeperuke. "Funga macho, Mama," akasema. "Tulia kabisa. Sasa yafungue, lakini usiinue nyusi."

Mama alijaribu. Niliona ngozi ya paji lake ikihangaika chini ya kidole cha daktari, ikitafuta pa kupitia. Macho hayakufunguka. Kope zilitetemeka, ukatokea ufa mwembamba kila upande, basi.

"Unaniona?"

"Naona viatu vyako," Mama akajibu. "Ni vizuri."

Daktari alicheka, akaondoa kidole. Nyusi za Mama ziliruka juu, mahali pake pa kila siku, macho yakafunguka, na uso niliouzoea ukarudi: uso wa mtu anayefungua mlango na kukuta ni wewe.

"Umeona?" Dk. Qorane akaniuliza.

Nikasema nimeona. Nilisema hivyo kwa haraka, kama mwanafunzi asiyetaka kuulizwa swali la pili.

Hiyo ilikuwa Machi mwaka jana. Nimeirudia siku hiyo mara nyingi, hatua kwa hatua, kwa sababu ndivyo nilivyo. Nikipoteza kitu, huanza kutafuta mlangoni nilipoingilia.

Kazi yangu ni picha. Nina kibanda cha studio karibu na Soko la Burma, Nairobi, mahali ambapo hata nguo za wateja huondoka na harufu ya nyama choma. Napiga picha za pasipoti, za vyeti, na za wafu pia, maana familia huniletea picha ya zamani niikuze kwa ajili ya mazishi. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kuharibu, na kwa kuandika kwenye daftari kila nilichoharibu. Kwa miaka kumi na tisa nimewaambia watu maneno yale yale: kaa wima, inua uso, fungua macho. Picha ya pasipoti yenye macho nusu hurudishwa, na mwenye picha hurudi kwangu akiwa na hasira. Kwa hivyo mimi husisitiza. Fungua macho. Zaidi kidogo. Hapo hapo.

Mama, jina lake Kaluki, alikuwa na miaka sitini na minane. Ngozi ya kope zake ilikuwa imelegea mwaka baada ya mwaka hadi ikamfunika macho kama pazia lililokatika kamba. Alianza kurudisha kichwa nyuma ili aone aliye mbele yake. Aligonga kichwa kwenye kabati lililokuwa mahali pale pale tangu nizaliwe. Yote hayo aliyachukulia kama mzaha, mpaka asubuhi moja ya Februari alipompelekea Baba kijiko cha uji, akakosa mdomo, uji wa moto ukamwagika shingoni.

Baba hakulia. Hakuweza. Kiharusi kilimchukua upande wa kulia na maneno yote kwa siku moja, miaka miwili kabla ya hapo. Muthama, dereva wa lori la takataka la baraza la jiji, mtu aliyewahi kusimamisha msafara mzima wa kwenda jaa la Dandora ili amalizie hadithi, alibaki na sauti moja tu, kitu kama "eee", na jicho la kushoto lililofuata uso wa mtu kila ulikokwenda. Kusikia alisikia, lakini daktari wake alituambia maneno yalimfikia yamevunjika vunjika. Alichosoma vizuri ni nyuso. Ukiingia umenuna, naye hununa. Mama akiingia, alifungua mdomo kabla kijiko hakijafika.

Siku ile ya uji Mama alimpaka maji baridi shingoni, akamvalisha shati safi, kisha akanijia uani na kusema, "Muoki, nitafutie daktari. Sitaki kumchoma mume wangu."

Dk. Qorane alituchorea njia mbili kwenye karatasi, na mimi niliinakili michoro yake kwenye daftari langu. Ya kwanza ilikuwa kukata ngozi iliyozidi kwenye kope. Kovu lingejificha kwenye mkunjo, hakuna ambaye angeliona. Ya pili ilikuwa kupandisha nyusi zenyewe: kukata mstari juu ya kila unyusi, kuvuta, kushona. Kovu lingeonekana, hasa miezi ya mwanzo.

"Ningekuwa mimi, ningeanza na nyusi," alisema. "Nyusi zako, Mama, zinabeba kope zako mchana kutwa. Wewe hujui, lakini paji lako linafanya kazi kama mtu aliyeshikilia mlango. Nikipunguza kope peke yake, nyusi zitajua kazi imekwisha. Zitashuka."

"Lakini nitaona?"

"Utaona. Si vizuri kama ningezipandisha, lakini utaona. Ila uso utabadilika. Utakuwa mzito kidogo." Akanigeukia. "Niletee picha zake za zamani. Nataka kujua nyusi zilikuwa wapi mwanzoni."

Nilirudi wiki iliyofuata na picha kumi na moja, kila moja kwenye mfuko wake wa plastiki, zimepangwa kwa miaka. Nilikuwa nimepima kwa rula umbali kati ya unyusi na jicho katika kila picha na kuandika nyuma kwa penseli. Nyusi hazikushuka hata milimita moja kwa miaka kumi na tano. Nilimwambia daktari hivyo kwa heshima, lakini nilimwambia. Nilisema tatizo haliwezi kuwa nyusi, maana hizi hapa, ziko mahali zilipokuwa siku zote.

Alizitazama moja moja. "Nani alizipiga?"

"Mimi."

"Na kabla ya kupiga huwa unamwambia nini?"

"Afungue macho."

Alinitazama, kisha akamtazama Mama. Akarudia kila kitu upya kwa upole, kuhusu mlango na mtu anayeushikilia. Nilimsikiliza huku nikifikiria rula yangu. Mtu aliyejifundisha mwenyewe huwa mgumu kufundishwa. Nasema hivyo juu yangu tu.

Lakini si mimi niliyekata shauri. Mama aliomba kioo. Alichukua kalamu ya daktari, akajichorea mstari juu ya unyusi wa kulia, akajitazama, akaufuta kwa kidole chenye mate.

"Hapana," akasema. "Kope."

"Kwa nini, Mama?" daktari akauliza.

"Daktari, mimi naishi mtaa wa Jericho. Mwanamke akitokea na kovu juu ya jicho, hawaulizi hospitali gani. Wanauliza mume alikuwa amekunywa nini." Alimrudishia kalamu. "Muthama hajawahi kuniinulia mkono kwa miaka arobaini na moja. Sasa hawezi hata kusema hapana. Nani atamsemea?"

Dk. Qorane hakubishana tena. Nami nilifurahi, kwa sababu picha zangu na shauri la Mama vilikuwa vimeelekea upande mmoja.

Upasuaji ulifanyika Aprili, kwa ganzi, asubuhi moja. Nyuzi zilitolewa baada ya wiki, uvimbe ukaisha baada ya nne. Mama alikaa kwenye kochi akasoma kitabu cha nyimbo bila kurudisha kichwa nyuma. Aliona utando wa buibui juu ya dari, akapanda juu ya kiti, na umri wake huo, akauondoa. Alimpa Baba kijiko cha kwanza cha uji bila kutetemeka, kikafika mdomoni barabara.

Baba akageuza uso.

Tulidhani uji ni wa moto. Mama akaupuliza, akajaribu tena. Baba akafumba mdomo na kutazama ukuta.

Yalikwenda hivyo siku tatu, kisha wiki. Mimi nikishika kijiko, alikula. Jirani yetu Awuor akishika, alikula. Mama akishika, jicho lile la kushoto lilimtazama, likasubiri, likashuka, kisha kichwa kikageuka. Mara moja alitoa "eee" ndogo sana, ambayo hatukuwahi kuisikia kwake.

"Labda dawa zimemchosha," Mama akasema.

Si Baba peke yake aliyegeuka. Awuor ameishi mlango wa pili nasi tangu nikiwa darasa la nne, na hana dogo. Siku moja alimsimamisha Mama penye kamba za nguo. "Mama Muoki, leo niambie. Nimekukosea nini? Nimekusalimu mara mbili, unanitazama kama askari wa kanjo la jiji aliyekuta mtu na meza ya nyanya."

"Nimekuitikia, Awuor."

"Mdomo umeitikia. Hiyo sura nyingine imenifukuza."

Mama alijaribu kucheka. Aliporudi ndani alisimama mbele ya kioo cha bafuni muda mrefu, mlango ukiwa wazi. Nilimwona kutoka ukumbini. Nyusi zake zilikuwa zimekaa chini, nzito, zimetupa kivuli juu ya macho yale mapya. Hazikuwa za mtu mwenye hasira. Lakini mtu asiyejua angeweza kuapa.

Mei ikaisha hivyo. Baba akapungua. Nilikuwa nikimlisha asubuhi kabla ya kwenda Burma, na Awuor alimlisha mchana. Jioni Mama alijaribu, kila jioni, akishindwa. Hakulalamika. Alianza kuniachia sahani mlangoni kwa Baba na kurudi jikoni, kama mhudumu wa hoteli ambaye mteja amemkataa.

Picha niliyohitaji haikuwa kwenye studio yangu. Awuor alikuja kibandani nimtolee picha za simu yake kabla haijafa, maana kioo chake kilikuwa kimepasuka. Kati ya harusi na ubatizo na sahani za samaki, kulikuwa na moja aliyoipiga hospitalini juma lile Baba alipopatwa na kiharusi. Mama amelala kwenye kiti kando ya kitanda. Mdomo umefunguka kidogo. Nyusi ziko chini kabisa.

Niliikuza kwenye kompyuta hadi uso ukajaa kioo. Ulikuwa uso wa sasa. Uso ule uliotufukuza sote, miaka miwili kabla ya mtu yeyote kuugusa kwa kisu.

Nilitoa zile picha kumi na moja, nikazipanga kando yake. Katika kila moja nilikuwa nimesema fungua macho, na katika kila moja mama yangu alikuwa ametii. Sikupima nyusi zake. Nilipima utiifu wake. Na siku ambazo hapakuwa na picha, alizoingia chumbani, alizonifungulia mlango, alizomletea Baba chai, aliziinua vilevile, kwa sababu bila kuziinua asingeona ni nani aliye mbele yake. Sisi tuliuona uso huo tukauita furaha. Sisemi hakuwa na furaha. Nasema tu kwamba sikuwahi kujua ipi ilikuwa furaha na ipi ilikuwa kazi.

"Boss, niaje, mbona umekwama?" kijana mmoja aliyetaka picha ya kitambulisho aliniuliza kutoka kwenye stuli. "Nifungue macho ama?"

"Kaa tu unavyokaa," nikamwambia. Hakuelewa, akayafungua.

Nilimwambia Mama jioni hiyo, jikoni. Nilimweleza kwa mpangilio: daktari alisema nini, mimi nilibisha na nini, picha ya Awuor imeonyesha nini. Nilisema kosa ni langu. Aliendelea kukata sukuma wiki mpaka fungu likaisha.

"Kwa hivyo," akasema, "yeye anadhani nimemkasirikia."

"Nadhani hivyo, Mama."

"Tangu Aprili. Amelala pale miezi miwili akidhani nimemchoka." Aliweka kisu chini. "Na hawezi kuniuliza."

Kesho yake nilimpigia Dk. Qorane. Hakunilaumu, jambo ambalo lilikuwa gumu zaidi kulibeba. Alisema nyusi bado zinaweza kupandishwa, lakini kope lazima zipone kabisa kwanza. Akatupa tarehe ya Novemba. Nilihesabu miezi nikimtazama Baba, mikono yake ilivyokuwa imelala juu ya blanketi, myembamba, mishipa imesimama. Mama alikuwa akihesabu pia.

"Si ndiyo kazi yako?" akaniambia mwishowe. "Kuwaambia watu waweke uso vipi? Basi niambie."

Tulifanya hivyo Jumapili baada ya kanisa. Baba alikaa kwenye kiti chake cha magurudumu karibu na dirisha. Mama alikaa mbele yake na bakuli la maziwa na ugali laini. Mimi nilisimama nyuma ya kiti, juu ya kichwa cha Baba, pale ambapo kamera ingekuwa. Awuor aliegemea mlango, amekunja mikono.

"Inua nyusi, Mama," nikasema kwa sauti ya chini. "Juu kidogo. Zaidi. Sasa usikaze mdomo."

Aliinua. Macho yakatoka.

"Woi," Awuor akasema. "Huyo ameona nyoka."

"Nyamaza wewe," Mama akasema, akiwa bado ameshikilia uso.

"Nyoka mkubwa. Yuko nyuma ya Muoki."

Mama akaangua kicheko. Alicheka hadi kijiko kikamwagika, akajifuta machozi kwa kiganja, akajaribu kuurudisha uso, ukamponyoka tena. Na Baba, ambaye alikuwa ameelekea dirishani, akageuka. Alimtazama kwa muda mrefu. Kisha mdomo wake ukafunguka, upande ule uliokuwa ukiweza.

Alikula vijiko vinne. Niliviandika kwenye daftari. Sijui kwa nini. Nilihitaji kuandika kitu.

Ningependa kusema mambo yalikaa sawa baada ya hapo. Yalikuwa nusu kwa nusu. Kuna siku Mama aliinua nyusi kabla ya kuvuka kizingiti, akazishikilia mlo mzima, na Baba akala. Kuna siku alifanya vilevile na Baba akamtazama kwa jicho lile la dereva aliyewaona wakaguzi wengi, kana kwamba ameona mahali uso ulipofungiwa kamba kama mzigo wa lori, akageukia ukuta. Misuli iliyofanya kazi miaka kumi na tano bila kulalamika ilikuwa imepumzika na haikutaka kurudi kazini. Usiku Mama alilala na kitambaa chenye maji baridi kichwani. Niliwahi kumkuta chumbani akizisukuma juu kwa vidole viwili vya mkono wa kushoto huku wa kulia ukishika kijiko, akiongea na Baba kuhusu bei ya makaa kama watu wanavyoongea. Nikarudi nyuma bila kubisha hodi.

Nilimwambia mara moja apumzike, mimi nitamlisha.

"Wewe unampa chakula," akanijibu. "Mimi nataka ajue."

Baba alifariki Septemba, siku ya Jumatano, baada ya chakula cha mchana ambacho hakukigusa. Mama alikuwa kando yake. Nilimuuliza siku nyingi baadaye uso wake ulikuwa vipi wakati huo, na nilipouliza nilijuta. Akafikiri.

"Sikumbuki," akasema. "Nilikuwa namtazama yeye."

Tulimzika kwao, Makueni. Nilikuza picha yake nikiwa peke yangu kibandani, ile ya leseni, ambamo anatabasamu kinyume cha masharti yote. Watu wa nyumbani walimtazama Mama kando ya kaburi na nyusi zake zile nzito, wakanong'ona kwamba Kaluki amekuwa jiwe, hata chozi hana. Nilitaka kuwaambia. Nilianza hata, kwa shangazi mmoja, lakini habari ya kope na nyusi ni ndefu na waombolezaji walikuwa wakipita kutupa udongo. Sijui Baba aliondoka akijua nini. Nimeipanga miezi ile mara nyingi, siku za kula upande huu, siku za kukataa upande ule, na haijanipa jibu.

Novemba, kliniki ilipiga simu. Nilikuwa nimekaa na Mama uani, jua la saa nne likiwa kali kwenye mabati. Alikuwa amemwaga ndengu kwenye ungo, akizichambua bila miwani. Nilimpa simu, nikamsikia Dk. Qorane mwenyewe akimpa pole kwa msiba, kisha akimuuliza kama bado angependa ile tarehe, maana nafasi yake ipo na kope zimepona vizuri.

Mama aliibana simu kati ya bega na sikio. Hakuacha kuchambua. Alitoa jiwe dogo la kijani, la rangi ile ile ya ndengu, ambalo mimi niliyekaa karibu sikuwa nimeliona, akalitupa chini.

"Ahsante, daktari," akasema. "Mpe mtu mwingine. Mimi naona vizuri."

Akasikiliza kidogo.

"Ndiyo," akasema. "Naona kila kitu."